Robert Koch na Sumu ya Kipindupindu

Robert Koch alizaliwa Ujerumani mwaka wa 1843, akasomea udaktari. Mwaka wa 1883 kipindupindu kiliua watu wengi Misri, naye akaenda kutafuta asili yake. Maradhi yalipopungua huko, akayafuata hata Calcutta katika Bara Hindi. Mwaka wa 1884 akatangaza kuwa amekiona kijidudu chake, kilichopinda kama alama ya mkato. Alidhani kwamba huua kwa sumu, na ndivyo ilivyo. Mwaka wa 1898 alikuwako Dar es Salaam, akichunguza malaria. Alifariki mwaka wa 1910.

Lakini asili ya sumu hiyo hakuijua. Mwaka wa 1996 wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba jeni zake huchukuliwa na kirusi. Kirusi huingia katika kijidudu kisicho na sumu, kikakifanya nacho kuwa na sumu. Ndiyo sumu imfanyayo mgonjwa kuhara mpaka akauka, na vijidudu hurudi majini kutafuta wengine.

Mwaka wa 2015 maradhi hayo yaliwapata watu wa Kinondoni na Temeke. Basi maji ya kunywa yachemshwe, na mikono ioshwe kwa sabuni. Maana kijidudu kisichofika kinywani hakina pa kumwaga sumu yake.