Adolphus Busch: Muuza shayiri aliyeishinda njia

Anayevusha mzigo unaooza anajua kwamba faida haipatikani sokoni tu. Inapotea au kupona njiani. Lori la nyanya likikaa siku mbili zaidi kwenye foleni ya mpakani, bei nzuri ya upande wa pili haina maana tena. Ndivyo ilivyokuwa kwa samaki wabichi, maziwa na ndizi mbivu.

Miaka 150 iliyopita, bia nayo ilikuwa katika kundi hilo. Ilipikwa mjini, ikanywewa mjini, na ikivuka wilaya mbili tatu wakati wa joto ilichacha. Kila mji wa Marekani ulikuwa na wapishi wake wa bia na kila mpishi alikuwa na mipaka yake. Mtu aliyeivunja mipaka hiyo kuliko wengine ni mhamiaji wa Kijerumani aliyeitwa Adolphus Busch, na kampuni aliyoijenga ni Anheuser-Busch ya mjini St. Louis, watengenezaji wa Budweiser.

Busch alizaliwa Julai 10, 1839, huko Kastel, ng'ambo ya mto Rhine ukitokea mji wa Mainz, Ujerumani. Alikuwa mtoto wa pili kutoka mwisho katika familia ya watoto 22. Baba yake alikuwa tajiri, mfanyabiashara wa mvinyo na vifaa vya kupikia bia. Lakini mali ya baba mwenye watoto 22, hata ikiwa kubwa kiasi gani, ikigawanywa haimfikishi mtu mbali. Mwaka 1857, akiwa na umri wa miaka 18, kijana huyo alivuka bahari kwenda Marekani.

Alifikia St. Louis, jimbo la Missouri, kwenye ukingo wa mto Mississippi. Mji ulijaa Wajerumani waliotangulia, na Wajerumani hao walipenda bia nyepesi ya kwao inayohitaji kutulia kwenye baridi kwa wiki kadhaa. Mji ulikuwa na mapango chini ya ardhi na barafu ya mtoni wakati wa kipupwe. Kwa hiyo viwanda vidogo vya bia vilikuwa tele.

Busch hakuanza kwa kupika. Alianza kama karani, kisha baba yake alipofariki akatumia urithi wake kuingia ubia wa duka la kuwauzia wapishi shayiri, kimea na mahitaji yao mengine. Kwa kazi hiyo alizunguka kiwanda hadi kiwanda, akajua nani analipa kwa wakati, nani anakopa na nani anazama.

Deni lililozaa kiwanda

Mmoja wa wateja wake alikuwa Eberhard Anheuser. Mzee huyo hakuwa mpishi wa bia hata kidogo. Alikuwa mtengenezaji wa sabuni aliyekikopesha kiwanda kimoja cha bia, na wenye kiwanda waliposhindwa kulipa, mwaka 1860 akajikuta ni mmiliki wake. Mdai alichukua mali ili asikose vyote.

Mwaka 1861, Busch alimwoa Lilly, binti wa Anheuser. Siku hiyo hiyo kaka yake, Ulrich, alimwoa dada wa Lilly. Baada ya miaka michache Busch aliingia katika kiwanda cha baba mkwe wake kama muuzaji. Bia yenyewe haikuwa na sifa, kwa hiyo ilibidi muuzaji aibebe. Mwaka 1869 alinunua sehemu ya mbia mwingine. Mwaka 1879 kampuni ilibadilishwa jina na kuitwa Anheuser-Busch, na mzee alipofariki mwaka 1880, mkwe akawa rais wa kampuni.

Baridi na moto

St. Louis ilikuwa na ushindani mkali. Busch aliona kwamba mteja ambaye hakuwa na mtu wa kumuuzia bia yuko mbali: Texas na majimbo mengine ya kusini yenye joto, ambako kupika bia ya aina ile bila barafu ilikuwa vigumu. Tatizo lilikuwa kuifikisha.

Alilishambulia tatizo hilo kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa moto. Mwanasayansi wa Ufaransa, Louis Pasteur, alikuwa ameonyesha kwamba vinywaji huharibiwa na vijidudu na kwamba joto la kadiri huviua. Katika miaka ya 1870, Busch akawa miongoni mwa watengenezaji wa kwanza wa bia Marekani kuitumia elimu hiyo: chupa iliyokwisha kujazwa na kuzibwa ilipashwa moto kwa muda, ikapoa, na bia iliyokuwamo ikakaa muda mrefu bila kuchacha.

Ya pili ilikuwa baridi. Alijenga nyumba za barafu kando ya reli, kituo hadi kituo, ili mabehewa yenye bia yaongezewe barafu njiani. Kisha akaingiza mabehewa yaliyotengenezwa maalumu kwa mizigo ya baridi, na baadaye akaanzisha kampuni ya mabehewa hayo. Katika miji ya mbali aliweka mawakala, mabohari, farasi na mikokoteni ya kusambazia. Chupa, makaa ya mawe na reli ndogo ya kiwandani navyo aliviweka mkononi mwake kidogo kidogo, ili asisimamishwe na mtu mwingine katikati ya safari.

Matokeo yake yalionekana kwenye hesabu. Kiwanda ambacho mdai alikichukua ili asipate hasara kilipita uzalishaji wa mapipa milioni 1 kwa mwaka ifikapo 1901. Pipa moja la Kimarekani ni lita zipatazo 117.

Picha ukutani

Bia ikishafika, ni lazima mtu aitake. Hapa ndipo Busch alipowaacha wenzake. Wauzaji wake hawakwenda mikono mitupu. Waliacha vizibuo, trei, mabango na visu vidogo vya mfukoni vyenye tundu dogo ambalo ukichungulia unaiona sura ya Busch mwenyewe. Alisafiri sana, aliingia baa za miji asiyoijua na kuwanunulia watu vinywaji.

Tangazo lake lililodumu kuliko yote halikuonyesha bia. Juni 1876, wapiganaji wa Lakota na Cheyenne waliliangamiza kundi la askari wa farasi la Luteni Kanali George Custer kwenye mto Little Bighorn. Mchoraji Cassilly Adams alichora picha kubwa ya pigano hilo, na picha ikaja kutundikwa kwenye baa moja ya St. Louis. Baa hiyo ikashindwa kulipa madeni, na picha ikaangukia mikononi mwa Anheuser-Busch. Mwaka 1896 kampuni ilichapisha nakala za picha hiyo zilizochorwa upya na kuzigawa kwenye mabaa nchi nzima, jina la kampuni likiwa chini yake. Wanywaji walikaa wakiitazama kwa miaka mingi. Jinsi ilivyowachora Wahindi Wekundu na jinsi ilivyompamba Custer ni jambo ambalo wanahistoria wameilaumu kwalo. Lakini kwa maana ya biashara, kampuni ilipata sehemu ya ukuta katika maelfu ya mabaa bila kulipa kodi ya pango.

Jina la mji wa watu

Budweiser yenyewe ilianza mwaka 1876, na mwanzoni haikuwa mali ya Busch. Ilikuwa ya rafiki yake Carl Conrad, mfanyabiashara wa vileo. Busch aliipika, Conrad aliimiliki chapa na kuiuza. Conrad alifilisika mwaka 1883, akiwa na deni kubwa kwa Anheuser-Busch, na ifikapo 1891 haki za jina zilikuwa zimehamia kwa kampuni. Kiwanda, picha, jina: vyote vitatu vilipitia mlango wa mdaiwa aliyeshindwa kulipa.

Kulikuwa na kasoro moja. Kwa Kijerumani, Budweiser ni kitu kinachotoka Budweis, na Budweis ni mji halisi, ambao leo unaitwa České Budějovice katika Jamhuri ya Cheki. Mji huo ulikuwa ukipika bia karne nyingi kabla ya Busch kuzaliwa. Wapishi wa kule walidai jina lao, na mwaka 1911 yakafikiwa makubaliano. Hayakumaliza ugomvi. Hadi leo, kampuni ya Cheki inayouza Budweiser kwa jina hilo barani Ulaya imelazimika kuiita bia yake Czechvar nchini Marekani, na Wamarekani nao katika nchi kadhaa za Ulaya huuza yao kwa jina la Bud tu. Ukivuka mpaka, mwenye jina anabadilika.

Deni ambalo hakuliona

Busch alifariki Oktoba 10, 1913, kwenye jumba lake la Ujerumani lililoitwa Villa Lilly, akiwa na umri wa miaka 74. Mwili ulirudishwa St. Louis na umati mkubwa ukajitokeza kumzika. Aliacha utajiri mkubwa, na mwanawe August akashika usukani.

Hakuiona dhoruba iliyofuata, ingawa wingu lake alilijua na alitumia fedha nyingi kupambana nalo. Ule ushindani wa kuweka mabango, kukopesha wenye baa na kufungua baa mpya kila kona, ambao wenye viwanda vyote waliuchochea, ulileta ulevi, mishahara iliyoishia kaunta na wake waliobaki na watoto wenye njaa. Hasira ya familia hizo iliunganika na makanisa, kisha na chuki dhidi ya Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Januari 1920, kutengeneza na kuuza vileo kukawa marufuku kwa mujibu wa Katiba ya Marekani. Viwanda vingi vya bia vilikufa. Anheuser-Busch ilipona kwa kuuza hamira, maji ya kimea, aiskrimu na kinywaji kisicho na kilevi, hadi bia iliporuhusiwa tena Aprili 1933. Mabehewa na mabohari ya mzee yalikuwa yamebaki. Yalibadilishiwa mzigo tu.

Mwaka 2008 kampuni ilinunuliwa na InBev ya Ubelgiji kwa takriban dola bilioni 52. Mwaka 2016 kampuni hiyo, AB InBev, ikainunua SABMiller, iliyokuwa na hisa nyingi katika Tanzania Breweries na Nile Breweries ya Uganda. Kwa njia hiyo kreti ya Kilimanjaro na ya Nile Special zinazopakiwa kwenye malori yetu zina mwenye hisa mmoja na Budweiser.

Kwa msomaji anayeishi kwa kuvusha mizigo, maisha ya Busch yana mafunzo kadhaa kuhusu barafu na mawakala. Lakini lililo la haraka ni la jina. Katika Jumuiya yetu, alama ya biashara husajiliwa nchi kwa nchi. Unga, sabuni au viungo ulivyovisajilia jina BRELA havilindwi Kenya mpaka upite KIPI, wala Uganda mpaka upite URSB. Mwenye chapa inayopendwa Arusha na ambayo haijasajiliwa Nairobi anaweza kufika na mzigo wake na kukuta jina lake limekwisha kuandikishwa na mtu mwingine. Kampuni ya Busch, pamoja na utajiri wake wote na mawakili wake, imeushughulikia mgogoro wa aina hiyo kwa zaidi ya miaka 100. Mwenye duka la jumla hana miaka hiyo, na ada ya usajili ni ndogo kuliko kesi.