Kabla Uonje Ile Chupa ya Kijani: Stori ya Rimbaud, Chalii wa Absinthi Aliyeishia Harar

Hebu jiweke hapa. Ni Jumamosi jioni Masaku, mbogi imejaa kwa keja ya mtu pande za Mumbuni, nyama iko jikoni, na msee mmoja amerudi kutoka majuu na chupa ya kijani kwa begi. Kwa lebo imeandikwa asilimia 68. Hakuna mtu hapo amewahi kuionja. Kila mtu ameskia tu ati ukiinywa unaona vitu. Glasi inawekwa mbele yako, macho yote yako kwako, na wewe ndio unafaa kuanza.

Kabla uinue hiyo glasi, wacha nikupigie stori ya chalii aliyeianza akiwa mdogo kukuliko. Jina lake Arthur Rimbaud. Linatamkwa karibu tu kama Rambo yule wa muvi, na ukimalizana na hii stori utaona kwamba maisha yake hayakuwa mbali sana na muvi.

Lakini kwanza ujue ni nini iko kwa hiyo chupa. Absinthi ni keroro ya mitishamba, na mkubwa wa hiyo mitishamba ni pakanga. Kama uliendanga Sande skuli, unaikumbuka ile nyota ya kitabu cha Ufunuo iliyoangukia mito, maji yakawa machungu. Jina la nyota ni hilo hilo, Pakanga. Huu mmea ni ndugu wa artemisia ya malaria, ile wakulima wa Kenya walikuwa wakipanda inapelekwa kiwandani Athi River, ndani ya hii kaunti yetu. Na kwa kweli mambo ya homa ndiyo yaliisambaza. Miaka ya 1840, masoja wa Ufaransa wakiwa vitani Algeria walipewa absinthi kama kinga. Wakarudi home wameshazoea ladha. Miongo michache baadaye wadudu wakavamia mizabibu ya Ufaransa, mvinyo ukapanda bei, na absinthi ikawa ya kila mtu. Ikifika saa kumi na moja jioni, baa za Paris zote zilikuwa zinanuka anisi.

Haikunywewa kama shoti, by the way ya watu wa sasa ya kuiwasha moto haikuwepo. Unamwaga kidogo kwa glasi, unaweka kijiko chenye matundu juu, kipande cha sukari juu ya kijiko, halafu unadondosha maji baridi polepole. Mafuta ya anisi hayapatani na maji, kwa hivyo kile kinywaji cha kijani kinageuka kuwa na ukungu mweupe kama maziwa. Watu walipenda hiyo shoo kuliko hata ladha. Tusker yako ni asilimia 4.2. Hii kitu ilikuwa inaanzia 45 ikipanda mpaka 70 na kitu.

Sasa Rimbaud. Alizaliwa tarehe 20 Oktoba 1854 Charleville, mji mdogo kaskazini mwa Ufaransa, wa wale watu wa kulala mapema. Fathee alikuwa kapteni wa jeshi. Alihepa familia kijana akiwa na miaka sita, hakurudi tena. Mathe alikuwa mkali, mtu wa shamba na kanisa, hakuna kucheza. Shuleni kijana alikuwa moto: zawadi za Kilatini zote zake. Halafu akiwa 15 akaanza kutoroka. Agosti 1870 alidandia treni mpaka Paris bila tiketi kamili, akashikwa, akalala jela ya Mazas hadi mwalimu wake akamtoa.

Mei 1871, akiwa 16, aliandika barua yenye nadharia yake: ati mshairi lazima avuruge hisia zake zote makusudi, kwa muda mrefu, ndio aone vile wengine hawaoni. Hapo ndipo wasee wengi husoma vibaya. Wanadhani alimaanisha jilewee tu na mashairi yatakuja. Lakini angalia tarehe. Shairi lililomfanya Rimbaud awe Rimbaud, lile refu la mashua iliyolewa, aliliandika kiangazi hicho hicho kwao Charleville, chini ya paa la mathe wake, kabla hajawahi hata kuona bahari. Aliibeba Paris mwisho wa Septemba ikiwa imeshaandikwa. Baa za Paris zilikuwa bado kumjua. Hiyo kipaji haikutoka kwa chupa.

Aliyemwita Paris, na kumtumia nauli, ni Paul Verlaine. Mshairi wa miaka 27, mwenye jina tayari, mwenye bibi wa miaka 18 aliye na mimba kubwa, na mlevi wa absinthi wa kiwango cha kutisha.

Hapa nisimame kidogo. Kwa Wakamba wa zamani, kaluvu ya asali, ile iliyochachushwa na miatine, ilikuwa ya wazee. Kijana hakukaa kwa hiyo duara mpaka umri wake ufike, na mzee ndiye aliyejua nani amwagiwe na nani asimwagiwe. Mimi si wa kusema zamani kila kitu kilikuwa poa, lakini hilo swali la nani anakumwagia lina uzito. Hata sheria ya Kenya ya 2010 ingemzuia Rimbaud mlangoni, kwa sababu hakuwa amefika 18. Paris hakukuwa na mtu wa kumzuia. Fathee alihepa, mathe yuko mbali, na mzee pekee aliyekaa naye mezani alikuwa Verlaine, ambaye mwenyewe hakuweza kuiweka glasi chini.

Walikuwa wapenzi, mji wote ukajua. Na usiku walikuwa wanakunywa mpaka mambo yanachemka. Machi 1872, kwa dina moja ya washairi, Rimbaud akiwa amelewa chakari alikuwa anasumbua msomaji. Mpiga picha Étienne Carjat akamnyamazisha. Kijana akachukua fimbo yenye upanga ndani na kumjeruhi. Huyu Carjat ndiye aliyepiga ile picha ya Rimbaud unaiona kwa tishati na kuta mpaka leo. Kwa nyumba ya Verlaine mambo yalikuwa mabaya zaidi: Januari hiyo hiyo, Verlaine akitoka kwa mtungi alimrusha mtoto wake wa miezi mitatu ukutani na kumkaba bibi yake shingo. Mtoto alipona. Bibi akahepa naye.

Juni 1872 Rimbaud alimwandikia beste yake wa kwao, Delahaye, akisifu baa moja ya absinthi. Ni barua ya utani. Anausifu ulevi kama kitu laini cha ajabu, na kwa pumzi hiyo hiyo anakubali kwamba mwisho wake ni kulala kwenye uchafu. Hakuwa na miaka 18 na alikuwa ameshaona mwisho wa hiyo barabara. Lakini hakusimama.

Wawili hao wakahepa Ubelgiji, kisha London, wakaishi kwa keja Camden wakifundisha Kifaransa kwa doo kidogo na kuvurugana. Julai 1873 Verlaine akamwacha London akaenda Brussels, halafu akamwita amfuate. Asubuhi ya tarehe 10 Julai Verlaine alinunua bastola, akanywa, akarudi hotelini, na Rimbaud alipomwambia anaondoka akafyatua mara mbili. Risasi moja ilimwingia kwa kifundo cha mkono wa kushoto. Jioni wakielekea stesheni, Verlaine akapeleka mkono mfukoni tena. Kijana akakimbilia karao. Verlaine akahukumiwa miaka miwili jela. Hiyo bastola iliuzwa kwa mnada Paris mwaka 2016 kwa zaidi ya yuro 400,000. Fikiria hiyo pesa ingefanyia nini wale wawili.

Rimbaud akarudi shamba la mathe, akamaliza kitabu kuhusu hiyo jehanamu, kikachapishwa Brussels. Nakala 500. Hakuwa na doo ya kumalizia kulipa, nyingi zikabaki kwa mchapishaji zikila vumbi mpaka 1901. Kabla afike 21 alikuwa ameacha mashairi kabisa. Si ati alipunguza. Aliacha.

Kutoka hapo ni kama msee mwingine. 1876 alijiandikisha jeshi la Uholanzi, akapelekwa Java, akatoroka baada ya wiki chache. Akasimamia wavunja mawe Cyprus. Agosti 1880 akatua Aden, akapata kazi kwa Wafaransa wa kahawa, na Desemba akafika Harar, mashariki mwa Ethiopia: mji wa ukuta, misikiti, kahawa, na miraa, ambayo wao wanaita chat. Yule mlevi wa Paris sasa alikuwa akiandika hesabu za magunia. Waliofanya kazi naye walimkumbuka kama mtu asiyekunywa, mbahili, mwenye kuchapa kazi. Barua kwa mathe zimejaa doo, jua, na ndoto ya kuhamia Zanzibar. Hakuwahi kufika.

Alijaribu hata kuwa dila wa bunduki. Mwishoni mwa 1886 alitoka Tadjoura na msafara wa ngamia, akapita jangwa, akafika kwa Menelik aliyekuwa mfalme wa Shewa. Menelik, mjanja wa biashara, akashusha bei mpaka ile faida Rimbaud aliyoiota ikayeyuka. Baadaye alienda Cairo akiwa amefunga dhahabu kwa mshipi kiunoni, kilo kama nane, zikimuumiza tumbo. Akarudi Harar 1888 akafungua duka lake. Mwaka uliofuata, 1889, Kampuni ya Waingereza ilifungua kituo hapa Machakos, na Masaku ikawa makao yao bara kabla Nairobi kuwa mji. Ni hizo enzi.

Na huku kwao Ufaransa? Verlaine alikuwa amechapisha mashairi ya kijana, mbogi ya washairi wapya ilikuwa inamwabudu, na wengine walidhani ameshadedi. Yeye anauza kahawa na sufuria. Verlaine mwenyewe alizeekea kwa meza za baa na vitanda vya hospitali, bado na glasi ya kijani, akafa Januari 1896 akiwa 51.

Absinthi nayo ikapigwa marufuku: Uswisi 1910, Ufaransa 1915. Wakailaumu thujoni, kemikali ya pakanga, ati ndiyo inatia watu wazimu. Watafiti walipokuja kupima chupa za zamani walikuta thujoni ni kidogo tu. Kilichokuwa kikali ni pombe yenyewe, pamoja na takataka za wauzaji wa bei rahisi waliotia hata chumvi za shaba ndio rangi iwe kijani. Sisi hapa hatuhitaji kuelezewa hiyo. Juni 2005 watu zaidi ya 40 walikufa pande za Machakos kwa pombe iliyotiwa methanoli, na kuna waliobaki vipofu. Kwa hivyo hiyo chupa ya beste yako, cha kwanza soma lebo uone imetoka wapi. Mambo ya kuona majini ya kijani ni stori za jaba.

Februari 1891 goti la kulia la Rimbaud likaanza kuvimba. Alidhani ni kutembea sana. Ilikuwa saratani. Aprili akajichorea mwenyewe mfano wa machela, akalipa wapagazi 16, na wakambeba kama kilomita 300 jangwani mpaka bandari ya Zeila, mvua ikimnyeshea bila hema. Marseille wakakata mguu tarehe 27 Mei. Hakupona. Kwa siku za mwisho alikuwa akimtaja Djami, kijana aliyemfanyia kazi Harar, na akaacha maneno kwamba atumiwe pesa.

Alikufa tarehe 10 Novemba 1891, miaka 37. Siku moja kabla, dadake Isabelle akiwa kando ya kitanda na kalamu, alimwandikisha barua kwa mkuu wa kampuni ya meli. Alitaka kujua abebwe saa ngapi kupandishwa chomboni.