Benjamin Franklin: Mkuu wa posta aliyeponzwa na barua

KABLA ya serikali ya Marekani kuanza kuuza stempu mnamo 1847, barua nyingi zilisafiri bila bahasha. Mwandishi aliikunja karatasi yenyewe, akaandika anwani upande wa nje na kuifunga kwa lakiri. Karani wa posta aliandika ada kwa mkono, na aghalabu aliyelipa ni mpokeaji. Bahasha ilikuwa ghali kwa kuwa ilihesabiwa kama karatasi ya pili, na karatasi ya pili ilizidisha ada maradufu.

Barua za aina hiyo husakwa hadi leo na wakusanyaji wa kumbukumbu za posta. Miongoni mwa zinazothaminiwa mno ni zile zenye sahihi ya Benjamin Franklin, ambayo kwa sababu ya wadhifa wake ilitosha kuipitisha barua bila malipo.

Franklin alizaliwa Boston mnamo Januari 17, 1706, mtoto wa fundi wa mishumaa na sabuni aliyejaliwa watoto 17. Akiwa na umri wa miaka 12 alikuwa mwanagenzi katika kiwanda cha uchapishaji cha kaka yake, James. Mnamo 1723 alitoroka, akaenda Philadelphia, na kufikia 1729 alikuwa ameanza kumiliki gazeti la Pennsylvania Gazette.

Ni gazeti hilo lililomwonyesha nguvu ya posta. Mkuu wa posta mjini humo, Andrew Bradford, alikuwa mchapishaji mshindani, na aliwakataza matarishi kulibeba gazeti la Franklin. Naye Franklin akalazimika kuwahonga ili walisambaze kwa siri. Mnamo 1737 wadhifa huo ulimwangukia yeye. Mkewe, Deborah, alimsaidia kuendesha ofisi na kutunza hesabu.

Mnamo 1753 Uingereza ilimteua Franklin pamoja na William Hunter wa Virginia kusimamia posta ya makoloni yote ya Amerika Kaskazini. Waliahidiwa pauni 600 kwa mwaka, ila fedha hizo zilipaswa kutokana na faida, na faida haikuwapo. Katika miaka minne ya kwanza walijikuta wakiidai ofisi zaidi ya pauni 900.

Hata hivyo, hawakukata tamaa. Walihimiza utunzaji wa hesabu kwa njia moja, na mnamo 1758 wakaagiza magazeti ya wachapishaji wote yabebwe kwa ada maalum. Mnamo 1763 Franklin, akiandamana na John Foxcroft aliyekuwa amechukua nafasi ya marehemu Hunter, alizuru vituo vya posta kutoka Virginia hadi New England, safari ya takriban kilomita 2,500. Matarishi wakaanza kusafiri hata usiku baina ya Philadelphia na New York, na hatimaye posta ikaanza kuipelekea London faida.

Lakini mafanikio hayo hayakuwa na usafi wote. Gazeti lake lilichapisha matangazo ya kuuza watumwa na ya kuwasaka waliotoroka, na yeye mwenyewe alimiliki watumwa. Ni uzeeni tu alipogeuka, akaongoza chama cha kupinga utumwa mjini Philadelphia kuanzia 1787.

Masaibu yake makuu yalitokana na barua. Mnamo 1772, akiwa London kama mwakilishi wa makoloni, alipata barua za faragha za Gavana Thomas Hutchinson wa Massachusetts, zilizopendekeza uhuru wa wakoloni upunguzwe. Alizituma Boston kwa sharti zisichapishwe. Sharti hilo lilivunjwa mnamo Juni 1773. Wanaume wawili walipopigana mjini London wakishukiana juu ya wizi wa barua hizo, Franklin alijitokeza na kukiri kwamba ndiye aliyezituma.

Mnamo Januari 29, 1774, alisimama kimya mbele ya baraza la mfalme huku wakili wa serikali, Alexander Wedderburn, akimshutumu kwa takriban saa nzima. Mtu aliyeaminiwa siri za wengine alikuwa ameitwa mwizi wa barua hadharani. Siku mbili baadaye alifutwa kazi.

Pigo jingine lilifuata. Deborah, aliyeogopa kusafiri baharini, hakuwa amemwona mumewe tangu Novemba 1764. Kwa miaka kumi ndoa yao iliishi katika barua pekee. Alifariki mnamo Desemba 1774, na Franklin alirejea Mei 1775, akiwa amechelewa.

Hasira za mkizi zikawa furaha ya mvuvi. Mnamo Julai 26, 1775, Bunge la makoloni lilimteua mtaalamu huyo aliyetimuliwa na London kuwa Mkuu wa Posta wa kwanza wa Marekani. Mshahara wake wa dola 1,000 kwa mwaka aliutoa kwa askari waliojeruhiwa vitani. Alipotumwa Ufaransa mwishoni mwa 1776, nafasi yake ilichukuliwa na mkwewe, Richard Bache.

Alifariki Philadelphia mnamo Aprili 17, 1790, akiwa na umri wa miaka 84. Stempu za kwanza za serikali zilipotolewa mnamo Julai 1, 1847, ile ya senti tano ilikuwa na sura yake, na ile ya senti kumi ilikuwa na sura ya George Washington.

Mnamo 1855 sheria iliwataka watumaji walipe mapema, na stempu zikawa lazima mwaka uliofuata. Zama za barua zisizo na stempu zikafifia, huku sura ya aliyezisimamia ikibandikwa juu ya bahasha.