Sheikh Suleiman Pasha al-Baruni: Mwanachuoni na Mpigania Uhuru

Sheikh Suleiman bin Abdullah al-Baruni alizaliwa katika Jabal Nafusa, nchi ya milima iliyoko magharibi ya Libya, katika nyumba ya ilimu. Baba yake, Sheikh Abdullah bin Yahya, alikuwa miongoni mwa wanavyuoni wa Kiibadhi wa zama zake. Sheikh Suleiman alisoma Tunis, kisha al-Azhar mjini Cairo, na katika bonde la Mzab, Algeria, mbele ya Sheikh Muhammad bin Yusuf Atfayyish, aliyepewa lakabu ya Qutbu 'l-Aimma.

Aliporejea kwao, watawala wa Kituruki walimtuhumu kuwa anataka kuuhuisha Uimamu wa Kiibadhi, wakamfunga. Alipotoka alihamia Cairo, akaanzisha matbaa ya kupiga chapa vitabu, akatoa gazeti la al-Asad al-Islami, na akatunga historia ya maimamu wa Kiibadhi aliyoiita al-Azhar al-Riyadhiyya. Mwaka 1908, katiba iliporejeshwa, watu wa Jabal walimchagua kuwa mjumbe wao katika Bunge la Istanbul.

Wataliana walipoivamia Tripoli mwaka 1911, Sheikh hakulipiza kisasi cha gereza. Alikusanya watu wa milimani akapigana bega kwa bega na jeshi la Waturuki. Oktoba 1912 Dola ya Uthmaniya ilifanya sulhu na Italia, lakini yeye aliendelea na jihadi kutoka Yefren mpaka aliposhindwa mwaka 1913, akapitia Tunisia kwenda Istanbul. Alirudi mwaka 1916 akiwa liwali wa Tripoli, na Novemba 1918, huko Msallata, akawa mmoja wa viongozi wanne wa Jumhuriya ya Tripoli.

Italia ikalazimika kukubali haki za wananchi mwaka 1919. Lakini yaliyoshindikana kwa mizinga yakapatikana kwa fitna. Mwaka 1921 Waarabu na Waberberi wa Jabal walipigana wenyewe kwa wenyewe, na adui akapata njia. Sheikh akaihama nchi yake, na tawala za kikoloni zikamfungia milango.

Mwaka 1924 alihiji, kisha akafika Oman. Imamu Muhammad bin Abdullah al-Khalili alimkaribisha na kumkabidhi kazi ya kupanga mambo ya serikali yake. Baadaye Sultani Said bin Taimur naye akamfanya mshauri wake. Hivyo mgeni huyu aliaminiwa na pande zote mbili. Alifariki Bombay mwaka 1940, na Libya haikupata uhuru wake ila mwaka 1951.

Binti yake, Zaima, alizikusanya nyaraka za baba yake na kuzichapisha, na kwa hivyo habari zake hazikupotea. Basi na wazee walio ughaibuni wawasimulie watoto wao habari za waliotangulia, na wawausie kuiogopa fitna kuliko wanavyomuogopa adui. Mwenyezi Mungu Amrehemu Sheikh Suleiman na Amlipe kheri. Amin.