Max Planck na Rangi ya Mwanga

Msomaji aliyewahi kutengeneza picha kwa kompyuta ameona kitelezi chenye tarakimu kama 2,800 au 5,500. Picha ya usiku ikitoka ya manjano kwa sababu ya taa, hukivuta mpaka shati jeupe lionekane jeupe. Tarakimu hizo ni za joto, nazo huitwa kelvini, kwa heshima ya Lord Kelvin wa Uingereza. Lakini mtu aliyeonyesha kwa hesabu jinsi joto linavyozaa rangi ni Mjerumani, Max Planck.

Alizaliwa Kiel tarehe 23 Aprili, 1858, akakulia Munich. Alipiga piano vizuri, hata angaliweza kuwa mwanamuziki. Alipochagua fizikia, Profesa Philipp von Jolly alimwonya kwamba elimu hiyo karibu imekwisha. Planck hakujali, alitaka tu kuyafahamu yaliyokwisha julikana. Ajabu kweli, ukitazama yaliyofuata!

Mwaka 1889 alikwenda kufundisha Berlin. Huko wataalamu wa taasisi ya serikali ya vipimo walikuwa wakipima mwanga unaotoka katika matanuri ya moto mkali, maana walitaka kipimo cha kuaminika cha taa. Kila mhunzi ajua kwamba chuma motoni huwa chekundu, kisha cha manjano, mwisho cheupe. Lakini hesabu zilikataa: kanuni iliyofaa upande mmoja wa rangi ilikosea upande wa pili.

Oktoba 1900 Planck alipata kanuni iliyolingana na vipimo vyote. Ilibaki kueleza sababu. Tarehe 14 Desemba aliwaambia wenziwe kwamba kitu kinachowaka hakitoi nguvu mfululizo kama maji ya mfereji, bali kwa mafungu madogo madogo, kama fedha isiyogawanyika chini ya senti moja. Yeye mwenyewe hakulipenda jambo hilo, akajaribu miaka mingi kulipatanisha na fizikia ya zamani, asiweze. Alipewa Nishani ya Nobel ya mwaka 1918.

Kwa kanuni hiyo, kila joto lina rangi yake. Taa ya waya ni kama kelvini 2,800. Jua la mchana ni kama 5,500, nalo lina buluu zaidi. Hapa wengi hubabaika: katika programu nyingi, ukiongeza tarakimu picha huzidi kuwa ya manjano. Sababu ni kwamba unaiambia programu mwanga wa mahali pale ulikuwa wa buluu, nayo huiondoa buluu hiyo.

Nyumbani kwake msiba ulifuata msiba. Mkewe Marie alifariki mwaka 1909. Mwanawe Karl aliuawa vitani mwaka 1916. Mabinti zake pacha, Grete na Emma, walikufa wote wawili kwa uzazi, mmoja mwaka 1917, wa pili mwaka 1919. Mwaka 1944 nyumba yake iliteketea kwa mabomu pamoja na karatasi zake. Alibaki Erwin, mwana aliyempenda mno. Huyo alishtakiwa kuhusika na njama ya kumwua Hitler. Mzee wa miaka 86 aliomba mwanawe ahurumiwe, asisikilizwe. Erwin alinyongwa Januari 1945.

Planck alifariki Göttingen tarehe 4 Oktoba, 1947. Juu ya jiwe la kaburi lake pamechorwa jina lake, na chini tarakimu ya yale mafungu madogo ya nguvu.