Annalena Tonelli: Mwalimu aliyeanza na chaki Wajir

KATIKA mji wa Wajir, jina la marehemu Annalena Tonelli huandamana na mambo mawili: matibabu ya kifua kikuu na mauaji ya Wagalla. Jambo la tatu, ambalo ndilo lililotangulia, hutajwa kwa nadra. Mwanamke huyo kutoka Italia hakuingia Kaskazini Mashariki kama mhudumu wa afya wala mtetezi wa haki. Aliingia mwaka 1970 kama mwalimu wa shule ya upili, mkononi ana shahada ya sheria ambayo haikuwa na kazi yoyote jangwani.

Alizaliwa Aprili 2, 1943 katika mji wa Forlì, kaskazini mwa Italia, na kusomea sheria katika Chuo Kikuu cha Bologna. Hata hivyo, moyo wake haukuwa mahakamani. Kwa muda wa miaka sita aliwahudumia maskini wa mji wake, wakiwemo mayatima na wasichana wenye ulemavu, na akashiriki kuanzisha kamati ya kupambana na njaa duniani ambayo ilimsaidia kwa miaka mingi baadaye. Alikuwa Mkatoliki wa dhati, lakini hakuwa mtawa, wala hakutumwa na shirika lolote la kidini. Alijituma mwenyewe.

Mnamo Januari 1969, akiwa na umri wa miaka 25, aliiaga Italia na kuja Kenya. Kituo chake cha kwanza kilikuwa Shule ya Upili ya Wavulana ya Chinga, wilayani Nyeri, katika nchi ya baridi, mvua na mashamba ya chai. Mwaka uliofuata alihamia Wajir, na hapo ndipo maisha yake yaliposhika njia ambayo hakuiacha tena.

Mkoa wa Kaskazini Mashariki wa wakati huo, ambao makao yake makuu yalikuwa Garissa, haukuwa mahali ambapo watumishi wa umma waliomba kupelekwa. Sheria za kikoloni za mwaka 1926 na 1934 zilikuwa zimeifunga nchi hiyo hata mtu asiweze kuingia au kutoka bila kibali, na shule zilichelewa mno kufika. Baada ya uhuru vikaja vita vya shifta, vilivyomalizika mwaka 1967 baada ya kuacha vifo, mifugo iliyoteketea na chuki iliyokita mizizi. Sheria za hali ya hatari ziliendelea kuutawala mkoa hadi mwaka 1991. Si ajabu kwamba msafiri aliyetoka Wajir kuelekea Nairobi alisemwa kuwa anakwenda Kenya.

Tonelli alieleza baadaye, alipoalikwa kutoa ushuhuda huko Vatican mwaka 2001, kwamba alichagua ualimu kwa kuwa ndiyo kazi pekee aliyoona angeweza kuifanya kwa heshima, katika nchi ngeni, bila kumdhuru mtu. Walimu walikuwa haba, kwa hiyo alijikuta akifundisha karibu kila somo, yakiwemo yale ambayo yeye mwenyewe hakuyasomea. Usiku alijiandaa, mchana akafundisha. Wanafunzi wengi walikuwa wa rika lake au wadogo wake kwa miaka michache tu.

Masomo yote hayo yaliendeshwa kwa Kiingereza, lugha ambayo haikuwa ya mwalimu wala ya mwanafunzi. Asiyeijua hali ya kaskazini anaweza kudhani kwamba kijana wa Kisomali aliingia darasani bila kujua kusoma. La hasha. Wengi walikuwa wamepitia chuo cha Korani, ambacho Wasomali hukiita dugsi, wakaandika aya kwenye mbao kwa wino wa masizi na kuzihifadhi kwa moyo. Jicho lao lilikuwa limezoea kutembea kutoka kulia kwenda kushoto. Kiingereza kikawataka warudi kinyume, na kibaya zaidi, kikawataka waelewe kila walichokisoma papo hapo, badala ya kukariri kwanza na kungoja maana ije na umri.

Sarufi nayo ilikuwa na mitego yake. Kisomali hakina sauti ya p wala ya v, hivyo mwanafunzi aliyeitwa Peter na mwalimu huitwa Beter na wenzake, na kosa la ulimi huhamia kwenye daftari. Kitenzi cha Kisomali kwa kawaida hukaa mwishoni mwa sentensi, ilhali cha Kiingereza hukaa katikati. Vile vijineno vifupi ambavyo Mwingereza huvitanguliza mbele ya nomino ili kuonyesha kama kitu kinajulikana au la, Msomali huvibandika nyuma ya nomino yenyewe, na kisichojulikana hakipewi alama yoyote. Mswahili, ambaye lugha yake haina vijineno hivyo hata kidogo, anaweza kuielewa taabu hiyo. Si somo la siku moja. Linahitaji zoezi la leo, la kesho na la kesho kutwa, na mwalimu asiyechoka kusahihisha jambo lile lile.

Kulikuwa na kitendawili kingine. Kijana wa Wajir aliishi na lugha nne: Kisomali cha nyumbani, Kiarabu cha dugsi, Kiswahili cha sokoni na cha askari, na Kiingereza cha mtihani. Kati ya hizo nne, ile aliyoijua kuliko zote ndiyo ambayo hakuweza kuisoma, kwa sababu Kisomali hakikuwa na maandishi rasmi. Serikali ya Mogadishu iliamua kutumia herufi za Kilatini mwezi Oktoba 1972. Hata baada ya hapo, upande wa Kenya wa mpaka haukunufaika mara moja, na herufi zenyewe zilileta mkanganyo mpya. Katika maandishi hayo, herufi c ni ile sauti ya koo ambayo Waarabu huiita ayn, na x ni ile h nzito, ndiyo maana jina Hassan huandikwa Xasan na Ali huandikwa Cali. Anayeisoma karatasi hiyo kwa Kiingereza hupotea njia tangu herufi ya kwanza.

Mwalimu huyo alijua kwamba mwanafunzi hakuwa peke yake katika kujifunza. Aliketi kujifunza Kisomali, mila na desturi za wenyeji, kwa bidii ile ile aliyowadai wanafunzi wake. Alihitaji kufanya hivyo. Kwa maelezo yake, kila alichokuwa nacho kilikuwa dosari machoni pa watu wa huko: alikuwa kijana, hivyo hakustahili kusikilizwa, alikuwa mweupe, alikuwa Mkristo, na zaidi ya yote alikuwa mwanamke asiyeolewa, jambo ambalo katika jamii ya wafugaji halikueleweka kabisa. Elimu ndiyo iliyompa mlango.

Ualimu wa mgeni katika eneo hilo haujawahi kuwa kazi nyepesi. Mnamo Novemba 2014, wapiganaji wa al-Shabaab waliliteka basi lililotoka Mandera na kuwaua abiria 28, wakiwemo walimu waliokuwa wakirejea makwao kwa likizo. Januari 2020, walimu watatu waliuawa huko Kamuthe, Garissa, na Tume ya Kuwaajiri Walimu ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Madarasa yaliyobaki bila mwalimu wa Kiingereza au wa hesabu yalikuwa yale yale ambayo Tonelli aliyakuta, kizazi kimoja na nusu kabla.

Aliyemtoa darasani alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu. Ugonjwa huo ulikuwa umeenea miongoni mwa wafugaji, na aliyeupata alitengwa na jamaa zake, kwani ulihesabiwa kuwa aibu na laana. Matibabu ya zamani yalichukua mwaka mmoja na zaidi. Mfugaji aliyepata nafuu baada ya wiki chache aliondoka kuwafuata ngamia wake, dawa akaziacha, na ugonjwa ukarudi ukiwa sugu. Madaktari wengi waliamini kwamba haiwezekani kumtibu mtu asiye na makao ya kudumu.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, utafiti uliofanywa Afrika Mashariki pamoja na wataalamu wa Uingereza ulionyesha kwamba mchanganyiko mpya wa dawa ungeweza kumponya mgonjwa kwa miezi sita. Mwaka 1976, Tonelli alikabidhiwa mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya wafugaji wa Wajir. Hakuwa daktari. Alichokifanya ni kuwaita wagonjwa waje na familia zao, wajenge vibanda vyao vya matawi na mikeka kando ya mji, kama wajengavyo malishoni, na wakae hapo miezi sita. Kila siku mgonjwa alimeza dawa mbele ya mtu anayemtazama. Mahali hapo pakaitwa TB Manyatta.

Anayeujua utaratibu wa darasa ataitambua kazi hiyo. Kuna daftari la mahudhurio, kuna zoezi la kila siku, na asiyefika hutafutwa hadi aonekane. Mtaalamu wa maabara hakuwa amefikiria kwamba tatizo la kifua kikuu kwa wafugaji lilikuwa la mahudhurio zaidi kuliko la dawa; mwalimu alilifikiria. Katika miaka ya tisini, Shirika la Afya Duniani liliuhimiza ulimwengu mzima kutumia njia ya mgonjwa kumeza dawa akiangaliwa, na jaribio la Wajir likahesabiwa miongoni mwa yaliyotangulia.

Sambamba na manyatta hiyo, yeye na wenzake wachache wa kike kutoka Italia, akiwemo Maria Teresa Battistini, waliendesha kituo cha watoto waliopooza kwa polio, vipofu na viziwi. Baadhi ya watoto waliokuwa wametupwa walilelewa naye kama wanawe.

Kisha ikaja Februari 1984. Kuanzia tarehe 10 mwezi huo, vikosi vya usalama viliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia na kuwapeleka katika uwanja wa ndege wa Wagalla, nje ya mji wa Wajir. Waliwekwa juani kwa siku kadhaa bila maji wala chakula, na wengi wakauawa kwa risasi, kwa kipigo na kwa kiu. Serikali ilikiri vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya mwaka 2013, ilikadiria kwamba waliouawa walikaribia 1,000.

Tonelli alitoka na magari kuwatafuta manusura waliotapakaa msituni na kuizika miili iliyoachwa. Taarifa za waliouawa zilisafirishwa kutoka Wajir hadi Nairobi, zikawafikia wanadiplomasia, na ukimya ambao serikali iliutaka ukavunjika. Kwa maelezo yake mwenyewe, alikamatwa, akafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi na kuonywa kwamba alikuwa amenusurika mitego miwili na hatanusurika wa tatu. Mwaka 1985 alilazimika kuondoka Kenya, baada ya miaka 16. Mkoa uliokuwa ukilia kwa uhaba wa walimu na waganga ukampoteza mtu aliyekuwa yote mawili.

Alivuka kwenda Somalia. Huko Merca alitibu kifua kikuu, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoleta njaa akawalisha maelfu ya watu. Aliponyanyaswa na makundi ya wenye silaha aliondoka, na daktari aliyemrithi, Graziella Fumagalli, akauawa hapo hapo Merca mwezi Oktoba 1995. Mwaka 1996 Tonelli alifika Borama, kaskazini magharibi, karibu na mpaka wa Ethiopia, akaanza upya hospitali ya kifua kikuu.

Hapo Borama chaki ilirudi. Wagonjwa waliolazimika kukaa miezi mingi hospitalini walifunguliwa madarasa: ya Korani, ya kusoma na kuandika Kisomali, na ya Kiingereza. Mtu aliyeingia akitapika damu, asiyejua herufi, aliweza kutoka amepona na anasoma barua. Si wote waliofurahi. Alipowapokea wagonjwa wa UKIMWI na kupinga ukeketaji wa wasichana, baadhi ya wakazi walimwandama, na hospitali ikawahi kupigwa mawe.

Mwezi Juni 2003, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilimtunuku tuzo ya Nansen mjini Geneva, pamoja na dola 100,000. Hakuwa mtu wa sherehe. Alirejea Borama kuendelea na kazi. Jioni ya Oktoba 5, 2003, alipigwa risasi ndani ya uwanja wa hospitali yake akafa. Alikuwa na miaka 60. Majuma mawili baadaye, Waingereza wawili, mume na mke, waliokuwa walimu katika shule ya upili ya Sheikh, katika eneo hilo hilo la Somaliland, nao waliuawa.

Katika mji wa Borama kulikuwa kumefunguliwa, mwaka 1997, shule ya watoto viziwi. Kabla yake hapakuwa na lugha ya alama iliyofundishwa shuleni katika nchi ya Wasomali. Aliyeianzisha alikuwa Msomali aliyesoma katika shule ya viziwi huko Wajir, na ishara alizokuja nazo zilikuwa zile alizojifunza huko, zenye asili katika Lugha ya Alama ya Kenya. Kutoka Borama zilienea hadi miji mingine, zikawa ndiyo Lugha ya Alama ya Somalia, ambayo watoto viziwi wa Somaliland hufundishiwa kusoma.