William Macewen, Aliyepandikiza Mfupa

Mtu ashukaye kwa njia ya Kibondo na Kasulu hufika Ujiji, mahali ambapo Stanley alimkuta David Livingstone mwaka 1871. Mkono wa kushoto wa Livingstone ulikuwa na kilema. Simba aliuvunja karibu na bega mwaka 1844, na mfupa haukuunga vema. Palipovunjika pakawa kama kiungo kingine kisicho cha asili. Maiti yake ilipofikishwa London mwaka 1874, ilitambuliwa kwa alama hiyo. Livingstone mwenyewe alikuwa mganga, naye alijifunza uganga katika mji wa Glasgow, nchi ya Scotland. Lakini siku zile mfupa uliokataa kuunga ulikuwa msiba usio na dawa ya hakika.

Katika mji ule ule alitokea mtu wa kuonyesha njia. William Macewen alizaliwa tarehe 22 Juni 1848 katika kisiwa cha Bute, akasoma katika Chuo Kikuu cha Glasgow. Huko alikuwako mwalimu Joseph Lister, ambaye tangu mwaka 1865 alisafisha vidonda kwa dawa ya kuzuia kuoza. Macewen akayashika mafundisho hayo, kisha akazidi: vyombo vyake vya kupasulia viwe chuma kitupu, bila mpini wa mti, ili vipate kuchemshwa. Maana uchafu ukiingia katika mfupa uliofunuliwa, kazi yote hupotea.

Glasgow ulikuwa mji wa viwanda na moshi. Watoto wa maskini hawakupata jua wala chakula cha kutosha, na wengi walikuwa na matege. Macewen aliinyosha miguu yao kwa patasi, akikata katika mfupa wa muundi kipande chenye umbo la kabari.

Basi mwaka 1878 aliletwa mtoto wa miaka mitatu, mfupa wa mkono wake wa kuume, toka bega hata kiko, umeharibika kwa usaha. Mfupa uliokufa ukatolewa, ikatumainiwa kwamba mwingine utaota. Haukuota. Zaidi ya mwaka ukapita, na mkono ukining'inia tu, hauna kazi. Ndipo Macewen akatwaa vipande vya miundi ya wale wenye matege, akavikata vidogo vidogo, akavipanga mahali palipo patupu, kama mkulima apandikizavyo miche. Alifanya hivyo mara tatu. Vipande vikashikamana, vikawa mfupa mmoja. Mwaka 1881 alitangaza habari hiyo, na yule mtoto akakua, akautumia mkono wake katika kazi.

Waganga walibishana sana. Wengine walisema mfupa huota kutoka ngozi nyembamba iufunikayo. Macewen alishika kwamba mfupa huzaliwa na mfupa wenyewe, akaandika kitabu juu ya jambo hilo mwaka 1912. Sasa yajulikana kwamba kila upande ulikuwa na sehemu ya kweli. Siku hizi muundi usipounga, mara nyingi mganga huchukua mfupa katika nyonga ya mgonjwa mwenyewe, kwa kuwa mwili haukatai kilicho chake.

Katika vita vya 1914 askari wengi walipoteza miguu kabisa, wala hapakuwa na mfupa wa kuunga. Mwaka 1916 Macewen, aliyekwisha kuwa mzee, alisaidia kuanzisha hospitali ya Erskine karibu na mto Clyde, akawaomba mafundi wa kuunda meli wawatengenezee miguu ya mti. Alikufa tarehe 22 Machi 1924.